Shayiri ya Khamis

Bushaib alipozikwa, farasi wake aligoma kula. Nyumba ilikuwa imejaa watu wa matanga, masinia ya kuskusi yanaingia na kutoka, wanawake wamekaa ukumbini bega kwa bega, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kutazama hori. Mjane ndiye aliyeliona. Alikwenda banda la farasi kwa sababu alikuwa anatafuta mahali pa kulia peke yake, akakuta majani ya jana yako vilevile, na Khamis amesimama kwenye kona, uso ameuelekeza ukutani.

Mjane huyo aliitwa Mahjuba. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mikono yake migumu kwa kushona ngozi. Aliolewa katika uwanda wa Dukala akitoka upande wake wa pili, binti wa mtu mwenye kijishamba cha mawe, na hakujaliwa mtoto. Mumewe alikuwa mkadam, yaani kiongozi wa kikosi cha wapanda farasi wanaocheza mchezo wa baruti: farasi wamepangwa mstari mmoja, wanatoka mbio pamoja, na mwisho bunduki zinalia kwa mlio mmoja. Mahjuba ndiye aliyeshona matandiko ya kikosi kizima kwa nyuzi za rangi. Mchezo wenyewe aliuona mara chache, tena kwa mbali, juu ya gari la mizigo pamoja na wanawake wengine. Lakini kila mlio aliujua, kwa maana Bushaib alikuwa hajui kulala bila kumhadithia.

Khamis alinunuliwa angali mtoto katika soko la Alhamisi, ndiyo sababu ya jina lake. Alikuwa wa rangi ya majivu, mfupi, mpana wa kifua, mwenye macho ya mtu anayesikiliza.

Sasa Bushaib hayupo, na Mahjuba yuko eda. Alivaa nguo nyeupe na soksi nyeupe, akawa hatoki nje ya lango mpaka muda wake utimie. Nyumba ilikuwa ya ua mmoja: upande huu chumba chake, upande ule shemeji yake Allal na mkewe Izza na watoto wao, jiko katikati, na banda la farasi kwenye kona, ukuta wake umegusana na ukuta wa chumba cha mjane. Usiku aliweza kumsikia farasi akihema.

Basi akaanza kumbembeleza. Watu wa matanga kule huja na mikate ya sukari, yaani sukari iliyogandishwa, ile mikubwa yenye umbo la pia, na mikate hiyo ilikuwa imerundikana chumbani kwake mpaka ikafika dirishani. Mahjuba alichukua nyundo akavunja kipande, akakiweka kiganjani. Khamis alinusa, akageuka, akarudi, akalamba. Kesho yake akampa kipande na konzi ya shayiri. Keshokutwa shayiri ya kutosha, iliyochanganywa na makapi ya viazisukari yenye molasi, yale yanayotoka kiwandani yakiwa meusi na matamu. Na makombo ya mkate wa wageni. Na tende. Khamis akala. Akaanza kumsubiri mlangoni, akimsikia tu anafungua kitasa anakwangua ardhi kwa mguu.

"Angalau mmoja katika nyumba hii ana hamu ya kula," Izza alisema akicheka, na Mahjuba naye akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Farasi hakuwa na wa kumpanda. Alisimama bandani kutwa, anakula. Akanenepa. Mbavu zikapotea, mgongo ukafanya mfereji katikati, na juu ya shingo ukaota mnofu mgumu kama bomba, ukishikwa hautikisiki. Wanaume wa kikosi walipokuja kutoa pole walisimama mlangoni wakimsifu.

"Mashallah! Tazama shingo hiyo. Huyo ni simba."

"Kaka yangu hakuacha farasi, aliacha mfalme," Allal alisema.

Allal alikuwa mdogo wa Bushaib, mtu wa sauti kubwa na moyo mwepesi kuumia. Mazishini hakutoa chozi. Alikuwa ameshaamua: sikukuu ya kila mwaka ya walii wa kijiji itakapofika kiangazi, siku ya mchezo wa baruti, atampanda Khamis, atasimama katikati ya mstari mahali pa kaka yake, na kikosi kitapata mkadam. Kuanzia siku hiyo shayiri ikawa inatoka mikono miwili. Mjane anatoa asubuhi, Allal anatoa jioni, na kila mmoja anadhani farasi ni wake peke yake kumlisha.

Dalili ya kwanza Mahjuba aliiona akiwa anamsugua mgongo. Khamis alikuwa ananyanyua mguu wa mbele wa kushoto, anautua, ananyanyua wa kulia, anautua, kama mtu aliyesimama pekupeku juu ya sufuria ya moto. Alipotolewa uani kunyweshwa, akageuka kwa hatua fupi fupi, mwili kaurudisha nyuma, uzito wote kautupia miguu ya nyuma.

"Amekufa ganzi kwa kusimama," Allal alisema. "Akikimbia itamtoka."

Lakini fundi wa kwato alipokuja kumtengeneza, alikwangua kidogo chini ya ukwato akaacha. Palikuwa na wekundu wa damu mahali pasipotakiwa kuwa na damu. Akakusanya vyombo vyake. "Mimi simgusi huyu," alisema. "Mwiteni daktari wa mifugo."

Daktari aliyekuja alikuwa mwanamke kijana, Ghizlan, aliyefunga nywele kwa kitambaa cha kijani na kuvaa mabuti ya mpira. Alimsalimu Mahjuba kwanza, akampa pole, ndipo akaingia bandani. Alishika miguu, akabonyeza shingo, akauliza farasi anakula nini. Mahjuba akamtajia yote bila kuficha: shayiri, makapi ya molasi, mkate, tende, sukari. Kila alipotaja kimoja daktari alitikisa kichwa polepole. Akatoa damu shingoni, tone moja akaliweka kwenye kimashine kidogo, kile kile ambacho wazee wa kijiji wenye kisukari hupimia damu ya vidole.

"Sukari yake imepanda kidogo tu," alisema. "Si ya kutisha."

Allal akapiga kofi moja la furaha. "Nilisema! Hana ugonjwa wa sukari. Farasi mzima."

"Subiri, Si Allal," daktari alisema, kwa maana kule mwanamume huitwa Si kwa heshima kama mwanamke aitwavyo Lalla. "Ukimwona mtu mlangoni hana jasho, utasema kazi ilikuwa nyepesi. Lakini hujaingia ndani ukaona wangapi wamemsaidia." Daktari alifuta mikono. "Mnamjua mgonjwa wa kisukari. Kwake insulini haitoshi, au haifanyi kazi, basi sukari inajaa kwenye damu. Huyu ni kinyume. Kila akila shayiri, au kitu kitamu, mwili wake unamwaga insulini kama bomba lililopasuka ili kuituliza ile sukari. Ndiyo maana sukari inaonekana imetulia. Lakini hiyo insulini yenyewe, ikizidi na ikakaa siku nyingi, inaharibu kwato. Ule mshiko unaoushikilia mfupa ndani ya ukwato unaachia. Hii damu nyingine naipeleka maabara, ndiyo itakayosema."

"Shayiri?" Allal aliuliza. Hakukasirika bado, alikuwa kama hakusikia vizuri. "Binti yangu, babu zetu wamelisha farasi shayiri tangu farasi aitwe farasi."

"Na babu zenu walikuwa wanawapanda kutwa. Huyu ametoka lini?"

Allal alitazama lango. Tangu mwezi wa nne, Bushaib alipozikwa, Khamis hakuwa ametoka nje ya lango.

Majibu ya maabara yaliletwa kwa simu. Insulini ilikuwa juu kupita kiasi. Daktari alizungumza na Mahjuba muda mrefu, akamweleza kama anavyomweleza dada yake. Shayiri basi. Molasi basi, mkate basi, tende basi, sukari usiiguse. Malisho mabichi pia hapana, kwa maana majani machanga yana sukari nyingi kuliko yanavyoonekana. Apewe nyasi kavu, tena ziloweshwe kwenye maji baridi, maji yamwagwe, sukari itoke nayo. Zichanganywe na mabua ya ngano ili apate cha kutafuna asinenepe. Asitembezwe mpaka maumivu yatulie, alazwe kwenye mchanga laini.

"Farasi ni yule yule," Ghizlan alisema. "Mpe nyasi zilizoloweshwa, insulini yake inabaki chini siku nzima. Mpe shayiri konzi mbili, saa hiyo hiyo inaruka. Tofauti iko horini, Lalla Mahjuba, si kwenye sindano yangu."

Mahjuba alikata simu akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Aliitazama mikate ya sukari iliyobaki dirishani. Aliona kiganja chake, na ule ulimi mkavu ukilamba. Alikuwa amedhani anamrudisha farasi duniani.

Kesho yake akaanza. Alilowesha nyasi kwenye pipa la plastiki uani, akimwaga maji ambayo yalitoka ya rangi ya chai. Mikono ikachubuka. Lakini nyasi kavu zinapatikana nje, na yeye yuko ndani. Alimwomba Allal alete nyasi na mabua, Allal akaleta gunia la shayiri. Alimwomba tena, akaleta makapi. Hakuwa mkorofi. Kila mara alikuwa na neno.

"Shemeji, nimepita sokoni nimeona shayiri nzuri, punje nene, nikamkumbuka marehemu."

"Si Allal, daktari kasema..."

"Daktari kasema. Na watu je, wanasema nini? Farasi wa mkadam anatafuna mabua kama punda wa mwuza maji! Watasema nyumba ya Bushaib imefilisika kabla kaburi halijakauka."

Na kweli watu walisema, ila si hivyo. Izza alirudi kutoka kisimani siku moja, akaweka ndoo chini, akawa hataki kumtazama Mahjuba usoni.

"Wanasema nini?" Mahjuba aliuliza.

"Achana nao."

"Izza, mimi sitoki. Usiponiambia wewe nitaambiwa na ukuta?"

Izza akavuta pumzi. "Wanasema unamshindisha farasi njaa. Shayiri unaiuza kwa mlango wa nyuma. Unataka akonde, Allal amchoke amuuze, wewe uchukue fungu lako ukakae Kasablanka kwa kaka yako."

Mahjuba alizishika kingo za pipa. Alitamani kusimama katikati ya soko la Alhamisi na kupayuka mpaka sauti imkauke. Lakini njia yake ilikuwa kutoka chumbani hadi pipani, kutoka pipani hadi bandani, na kurudi. Nguo nyeupe ilikuwa inamwosha na kumfunga kwa pamoja. Aliinama, akakamua fungu jingine la nyasi.

Izza ndiye aliyemsaidia. Alimtuma kaka yake mwenye trekta, nyasi zikaja, mabua yakaja. Khamis alikataa siku mbili za mwanzo, akazisukuma nyasi kwa pua, akamtazama Mahjuba kwa lawama kama mume aliyepewa chakula kisicho na chumvi. Halafu akala. Polepole joto la kwato likapungua. Akaanza kusimama sawa. Asubuhi moja Mahjuba alimkuta amelala chini kwenye mchanga, anakoroma, miguu kainyoosha, akamwacha alale, akakaa mlangoni kumtazama.

Kisha tatizo likarudi. Kwato moto, mguu juu mguu chini, macho yamekunjamana. Mahjuba hakuelewa. Alipima nyasi kwa mikono yake, alilowesha kwa mikono yake, hakuna kilichobadilika. Alipekua mchanga chini ya hori, akaokota punje tatu za shayiri.

Alfajiri iliyofuata alikuwa macho kabla ya adhana. Akasikia mlango wa banda ukilia, kisha hatua, kisha sauti ya punje zikimwagika kwenye kitu laini. Allal alikuwa anamlishia kutoka kwenye kofia ya jalaba lake, ile kanzu pana yenye kofia iliyoshonewa shingoni. Ukuta ulikuwa mwembamba.

"Kula, bwana wangu. Kula kabla yule mwanamke hajaamka."

Farasi akatafuna. Kisha sauti ambayo Mahjuba alidhani ni ya Khamis, mpaka alipotambua kuwa ni mtu mzima analia huku amejiziba mdomo.

"Tuligombana juu ya zamu ya maji ya shamba," Allal alikuwa anasema. "Zamu ya maji tu, Khamis. Akaenda hatujasemezana. Wewe ulikuwepo. Mwambie. Wewe ukimwona mwambie."

Mahjuba alilala chali, mkono juu ya mdomo, mpaka mlango ulipolia tena na hatua zikaondoka kuelekea msikitini. Hakuinuka. Kesho yake akasikia tena, hakuinuka. Keshokutwa pia. Mtu amekosa pa kulia dunia nzima, amepata pembe moja ya banda. Ni nani atakayekwenda kumfukuza? Na upande wa pili wa ukuta huo huo farasi ananyanyua mguu na kutua, ananyanyua na kutua.

Alimwambia Izza. Izza alikuwa anakanda unga, hakusimamisha mikono.

"Najua," alisema. "Hurudi macho mekundu, anasema ni vumbi la majani. Nimenyamaza. Ukimgusa hapo atavunjika, dada, au atakuvunja wewe."

"Na farasi?"

Izza aliupiga unga ngumi. "Mimi si daktari wa farasi. Mimi nalala na huyo mtu."

Mahjuba akangoja, akijidanganya kuwa Allal atachoka. Hakuchoka. Mwisho alfajiri moja akatangulia. Allal alipofungua mlango alimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mweupe kama mwezi, na Khamis nyuma yake.

Allal alishtuka, akaushika ukingo wa kofia ya jalaba. "Unafanya nini hapa?"

"Namlinda."

"Na nani? Na mimi?"

"Na sisi wote wawili. Mimi nilianza, Si Allal. Mimi nilimpa sukari ya matanga. Sikujua. Wewe sasa unajua."

"Najua nini? Ninajua kwamba farasi ambaye kaka yangu alimlea kama mtoto anapewa nyasi zilizooshwa kama nguo! Damu, damu, insulini! Kitoto cha juzi kinakuja na sindano, nanyi mnakiamini kuliko macho yenu. Sikukuu imekaribia. Nitampanda."

"Ukimkimbiza mfupa utazama. Hatasimama tena."

"Wewe una nini katika farasi huyu?" Sauti yake ilipanda, kisha akakumbuka watoto wamelala, akaishusha ikawa mbaya zaidi. "Mjane asiye na mtoto ana robo. Robo ya farasi ni mguu mmoja. Chagua mguu wako uushike, uuoshee nyasi upendavyo. Mitatu niachie mimi."

Akamwaga shayiri yote horini mbele yake, akatoka. Mahjuba aliirukia ile shayiri akaizoa kwa mikono, akaijaza kwenye sketi yake, huku Khamis akimsukuma bega kwa pua, akitaka chakula chake, akimng'ata nguo. Alimpiga kofi la shingo. Hajawahi kumpiga. Kisha akaegemea shingo hiyo hiyo ngumu akalia, na farasi akaendelea kunusa sketi yake akitafuta mahali pa kuingizia mdomo.

Kaka yake alipiga simu kutoka Kasablanka jioni hiyo. Chumba kiko, alisema, dirisha linatazama barabara, eda ikiisha aje. "Unakaa hapo kwa ajili ya nani? Mume kafa, mtoto huna." Mahjuba akasema ndiyo, atafikiri. Alipokata simu alijua kwamba hakuna cha kufikiri. Akiondoka, shayiri itamwagwa asubuhi na jioni, kwa mapenzi yote, mpaka mnyama aanguke. Akibaki, atakuwa mjane wa robo katika ua wa mtu aliyemchukia. Kila mlango aliousukuma ulimrudisha bandani.

Sikukuu ilifika zikiwa zimesalia siku chache tu eda iishe. Kikosi kilikusanyika nje ya lango asubuhi, wapanda farasi wamevaa nyeupe, majambia yamening'inia, bunduki zimelazwa mapajani. Ngoma zilikuwa zinalia upande wa kaburi la walii. Allal alimtandika Khamis kwa tandiko la kaka yake, lile Mahjuba alilolishona mwaka mzima, jekundu na uzi wa dhahabu. Akamvuta. Juu ya mchanga Khamis alikwenda. Alipofika kwenye mawe ya kizingiti akasimama, akatetemeka, akarudisha mwili nyuma.

"Twende!" Allal alipiga ulimi.

Farasi akaweka mguu mmoja juu ya jiwe, akauondoa. Nje wanaume walikuwa wanatazama. Mmoja akacheka. "Mfalme wako leo hana haja ya wageni, Si Allal!"

Allal akavuta kwa mikono yote miwili. Khamis akaruka kizingiti kama anayeruka moto, akatua barabarani, na sauti iliyomtoka ilikuwa fupi, ya mtu aliyebanwa kidole na mlango. Allal alikuwa amekwisha kuweka mguu kwenye kikuku cha kupandia.

Mahjuba alikuwa ndani, vidole vya miguu vimegusa kizingiti. Alikuwa amekaa nyuma ya kizingiti hicho tangu mumewe apitishwe juu yake amelala. Izza alimshika mkono. "Usiende. Mahjuba, mbele ya watu wote, usiende."

Akatoka. Na nguo zake nyeupe, na soksi zake nyeupe juu ya mavumbi, katikati ya wanaume na farasi. Ngoma za mbali tu ndizo zilizosikika. Alishika hatamu chini ya kidevu cha Khamis.

"Rudi ndani," Allal alisema kwa meno yaliyofungwa. "Unatutia aibu."

Angeweza kusema. Angeweza kuwaambia wote nani anayemlisha farasi alfajiri, na kinachosemwa huko bandani, na zamu ya maji. Allal aliona kwamba anaweza. Uso wake ulibadilika rangi. Mahjuba akamsogelea, akasema kwa sauti ambayo hata farasi wa jirani hakuisikia.

"Nimeshachagua mguu wangu. Wewe shika mmoja wa kwako. Weka vidole juu ya ukwato, nyuma, panapopita mshipa. Halafu ukitaka kupanda, panda. Nitaachia."

Allal aliwatazama wanaume. Akautazama ukanda wa tandiko, akainama kama mtu anayekwenda kuukaza, na mkono wake ukateremka mguuni. Alikaa ameinama muda mrefu. Kila mtu aliyekulia pamoja na farasi anajua mshipa huo: kwa farasi mzima, unautafuta usiupate. Ule ulikuwa unagonga vidole vyake kama nyundo ya fundi bati. Na ukwato ulikuwa wa moto.

Alipoinuka alikuwa na vumbi usoni, au alijipaka makusudi.

"Mwiba," aliwaambia wanaume kwa sauti kubwa. "Kakanyaga mwiba, mwana haramu. Nipeni farasi mwingine."

Walimpa jike jeusi la binamu yake. Alipanda akaenda bila kugeuka, na katikati ya mstari, mahali pa mkadam, waliacha nafasi tupu. Mahjuba hakuiona nafasi hiyo. Aliambiwa. Yeye alikuwa anamrudisha Khamis juu ya mawe yale, hatua moja, pumzi, hatua moja, na amelaza jalaba la Izza chini ili kwato zisiguse jiwe.

Daktari Ghizlan alikuja na mashine ya kupiga picha za mifupa. Mfupa ulikuwa umeshuka kidogo ndani ya ukwato wa kushoto. Ataishi, alisema, na ataweza kutembea akitunzwa. Mbio basi. Na tabia ya damu yake haitabadilika: miaka yote iliyobaki, kosa moja la hori linaweza kumrudisha chini.

Allal hakumsemesha shemeji yake mpaka matunda ya mizeituni yalipoanza kuvunwa. Kijijini walisema mengi juu ya mwanamke aliyevunja eda kwa ajili ya mnyama, na wengine mpaka leo hawampokei salamu. Lakini shayiri haikuonekana tena mchangani. Alfajiri nyingine mlango wa banda ulilia bado, hatua zikaingia, na Mahjuba alijigeuza kitandani akaziba masikio ili asisikie yasiyomhusu. Allal alikuwa anakuja mikono mitupu. Chumba cha Kasablanka kaka yake alimpangisha mwanafunzi.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, mvua zikiwa zimenyesha vizuri na uwanda wote umekuwa kijani, Izza alimshurutisha aende sokoni. Muda wa eda ulikuwa umepita siku nyingi, na bado Mahjuba hakuwa amefika popote kupita kisima. Alivaa jalaba la buluu, akapanda mkokoteni wa kaka wa Izza. Kabla ya adhuhuri alikuwa amerudi kwa miguu, kikapu kitupu, anahema.

"Vipi?" Izza aliuliza. "Soko limeungua?"

"Sikufika. Njiani wanauza shayiri mbichi, mafungu kwa mafungu, watoto wanakimbiza magari nayo. Nikawaza kama mlango wa banda nimeufunga, asije akaifuata."

"Mimi nilikuwa hapa, jamani. Ningeufunga mimi."

"Najua," Mahjuba alisema. Alikwenda bandani, akaujaribu mlango. Ulikuwa umefungwa. Akasimama hapo na mkono juu ya komeo, kisha akavua jalaba la buluu, akalitundika msumarini, akaenda kujaza pipa maji.